Kwa nini wasimulizi wa leo hukuza vita vya Mulan, ilhali wimbo wenyewe umevipa mistari sita tu?

#1 Mjukuu wa Mfumaji

Wanajamvi, salaam. Naleta swali ambalo limenikaa moyoni tangu nilipoanza kusoma Kichina, nikijua kwamba humu wamo watu waliosoma China, waliotazama filamu nyingi kuliko mimi na wanaoijua historia ya nchi ile vizuri zaidi.

Wimbo wa Mulan, ambao wanafunzi wa China huukariri shuleni, una mistari 62. Nimeihesabu mwenyewe zaidi ya mara moja. Unaanza na msichana aliyeketi akifuma mkabala na mlango, lakini sauti ya kitanda cha mfumi haisikiki, kinachosikika ni yeye akishusha pumzi. Usiku uliopita ameona hati za jeshi: Khan, yaani mtawala, anakusanya askari, magombo ni 12, na hakuna gombo lisilo na jina la baba yake. Baba hana mtoto wa kiume aliyekwisha kukua, Mulan hana kaka, kwa hiyo anaamua kwenda yeye, akijifanya mwanamume. Farasi anamnunua soko la mashariki, tandiko soko la magharibi, hatamu soko la kusini, mjeledi soko la kaskazini. Kisha anaondoka, na vita vyote vya miaka zaidi ya kumi vinakwisha ndani ya mistari 6: safari ndefu, milima inayovukwa kama kwa mabawa, baridi ya kaskazini, mwanga unaong'aa juu ya deraya, majenerali wanaokufa na askari wanaorudi. Hakuna adui anayetajwa kwa jina, wala hakuna pigo hata moja la upanga.

Lakini kufika nyumbani kumepewa mistari 16. Wazazi wanatoka nje ya ukuta wa mji wakiegemeana, dada mkubwa anajipamba, mdogo wa kiume ananoa kisu cha kuchinjia nguruwe na kondoo, na Mulan anafungua mlango wa chumba chake, anavua joho la vita, anavaa nguo zake za zamani, anachana nywele dirishani na kubandika pambo la manjano usoni mbele ya kioo.

Sasa tazameni filamu za Mulan. Mizani imepinduliwa: nyumbani ni dakika chache za mwanzo na za mwisho, na katikati yote ni vita. Nauliza kwa nini. Naomba msinijibu kwa neno moja.

#2 Mtaa wa Saba

Jibu ni fedha, mkuu, na samahani kwamba ni neno moja. Filamu ya Disney ya mwaka 2020 iligharimu takribani dola milioni 200. Hakuna anayetoa fedha kama hizo ili watu waketi gizani wakimtazama msichana akichana nywele.

#3 Mama Tatu

Ndugu yangu wa #2, binti zangu waliitazama filamu ya katuni ya 1998 kwenye CD mpaka ikakwaruzika na kukwama mahali palepale kila siku, na sehemu waliyoirudia kuliko zote si ile ya maporomoko ya theluji. Walirudia pale Mulan anapokata nywele zake usiku kwa upanga wa baba yake na kuvaa deraya lake. Pale hakuna vita, ni msichana peke yake ndani ya nyumba yake. Kwa hiyo nasita kukubali kwamba watazamaji hawautaki mlango wa nyumbani. Wanautaka, ila wanapewa kidogo.

#4 Nahodha Mstaafu

Mleta uzi, asante kwa mada nzito. Nachangia kidogo. Hua Mulan alikuwa jenerali halisi wa enzi ya nasaba ya Han, wa ukoo wa Hua, aliyepigana na Wahun, wavamizi wa kaskazini waliokuwa wakivuka Ukuta Mkuu. Ikiwa alikuwa jenerali wa kweli, si ajabu wasimulizi wakaangalia vita vyake. Historia ya jenerali ni vita.

#5 Ukweli Kwanza

Nahodha, kwa heshima zote, karibu kila kitu katika #4 kinahitaji kurekebishwa, na nakirekebisha kwa sababu makosa haya ndiyo kiini cha swali la mleta uzi.

Kwanza, wimbo haumpi ukoo wowote. Anaitwa Mulan, basi. Ukoo wa Hua unatoka katika mchezo wa kuigiza wa Xu Wei, mwandishi wa enzi ya Ming aliyeishi kati ya 1521 na 1593, zaidi ya miaka elfu moja baada ya wakati unaodhaniwa kuwa wa Mulan. Kuna masimulizi mengine yanayompa ukoo wa Zhu, na mengine ukoo wa Wei. Hilo "Fa" la filamu ya 1998 ni Hua hiyohiyo kwa matamshi ya Kikantoni.

Pili, wimbo si wa Han. Wataalamu wengi huuweka katika nasaba za kaskazini, hasa Wei ya Kaskazini, iliyotawala kuanzia 386 hadi 534. Watawala wake hawakuwa Wahan, kabila kubwa la Wachina, bali Watuoba, tawi la Waxianbei, watu wa farasi na malisho, ndiyo maana mtawala katika wimbo anaitwa Khan. Nakala tuliyonayo imehifadhiwa katika mkusanyo wa Guo Maoqian wa enzi ya Song, na inasemekana ulikuwa umeandikwa kabla ya hapo katika kitabu cha karne ya 6 ambacho kimepotea.

Tatu, ujenerali. Wimbo hausemi kwamba alikuwa jenerali. Unasema majenerali walikufa naye akarudi.

#6 Nahodha Mstaafu

Nimekubali, na nashukuru kwa masahihisho. Niliyachukua kutoka kwenye filamu bila kujua. Ila hilo linaniongezea swali: ikiwa mtawala alikuwa Khan, kwa nini katika wimbo huohuo anaitwa pia Mwana wa Mbingu, ambalo ni jina la mfalme wa Wachina?

#7 Ukweli Kwanza

Swali zuri. Wapo wanaosema wimbo ulipita katika mikono mingi, na wasomi wa enzi za baadaye, hasa Tang, waliugusa hapa na pale. Wapo wanaosema watawala wa Wei ya Kaskazini waliitwa kwa majina yote mawili, kwa hiyo hakuna mgongano. Hata miaka haiafikiani: mstari mmoja unasema askari walirudi baada ya miaka 10, na mwingine wenzake wanasema walisafiri naye miaka 12. Watu wanaotafuta tarehe za vita humu wanakamua jiwe.

#8 Kalamu ya Wino

Nirudi kwenye swali. Nadhani #2 ameangalia karibu mno. Vita havikuingizwa na Hollywood. Viliingizwa na vita.

Mwaka 1939, Shanghai ilipokuwa imezingirwa na Wajapani, na mitaa iliyokuwa chini ya mataifa ya kigeni ikabaki kama kisiwa katikati ya bahari, ilitoka filamu ya Mulan iliyoongozwa na Bu Wancang, mwigizaji mkuu akiwa Chen Yunshang. Watazamaji hawakuhitaji kuelezwa wavamizi wa kaskazini ni akina nani. Mulan wa filamu ile anapigana, anafichua wasaliti, na ana mpenzi jeshini pia. Uzalendo wake haukumwokoa na shuku: mwanzoni mwa 1940, huko Chongqing, filamu hiyo ilichomwa moto na watu waliodai kwamba aliyeiongoza anawatumikia Wajapani.

Kisha mwaka 1951, wakati wa vita vya Korea, mwigizaji wa opera ya Henan, Chang Xiangyu, alizunguka miji ya China na kikundi chake akimwigiza Mulan, na mapato yakanunua ndege ya kivita. Wimbo mmoja kutoka opera ile, unaouliza ni nani asemaye kwamba wanawake ni duni kuliko wanaume, unajulikana na Wachina wengi mpaka leo.

Kwa hiyo, ndugu mleta uzi, mtu anayeishi chini ya mabomu hawezi kuvipa vita mistari 6.

#9 Mjukuu wa Mfumaji

Kalamu ya Wino, hoja yako imenigusa, lakini inaniachia tatizo. Watu walioutunga wimbo wa kwanza nao waliishi vitani. Wei ya Kaskazini ilipigana na Warouran, wafugaji wa nyika za kaskazini, kwa vizazi. Kama kuishi vitani ndiko kunakokuza vita, mbona wao walivipunguza?

#10 Kalamu ya Wino

Kwa sababu waliokuwa wakiusikiliza walivijua. Huwezi kumweleza mvuvi jinsi maji yanavyolowesha. Anayesikiliza wimbo ule ameshapeleka mtu vitani. Anachotaka kusikia ni kwamba mtu huyo anarudi, na kwamba akirudi atakuta kitanda chake palepale.

#11 Fundi Tandiko

Mimi nashona viatu na mikoba ya ngozi, na nilivutwa na masoko yale manne. Nani ananunua farasi huku na tandiko kule? Niliposoma zaidi nikakuta kwamba katika mfumo wa jeshi ulioitwa fubing, ulioanza katikati ya karne ya 6 na kuendelea hadi enzi ya Tang, askari walitakiwa kujitafutia wenyewe sehemu ya vifaa vyao. Kumbe mistari ile ni hesabu ya gharama: kila soko ni fedha inayotoka katika nyumba ambayo tayari inampoteza mtu. Filamu zinampa deraya na upanga vya kurithi vilivyokwisha kuandaliwa na vinavyong'aa, na gharama inafutika. Hapo naona wasimulizi wa leo wamepoteza kitu kikubwa kuliko vita.

#12 Ukweli Kwanza

Fundi, ni maelezo mazuri, lakini yashike kwa mkono mwepesi. Mashariki, magharibi, kusini na kaskazini ni mtindo wa kawaida wa nyimbo za kienyeji za China. Mwishoni Mulan anafungua mlango wa chumba cha mashariki na kuketi juu ya kitanda cha chumba cha magharibi, na hakuna anayedhani kwamba alilala vyumba viwili. Ni mapigo ya wimbo.

#13 Fundi Tandiko

Mapigo na gharama vinaweza kukaa katika mstari mmoja. Hata hivyo nimekusikia.

#14 Hanga Namba Tatu

Naomba niseme kama mwanamke aliyepita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria. Hanga zetu zilikuwa mbali na za wavulana, lakini mchakamchaka, mashamba na foleni ya chakula vilikuwa vya pamoja, na najua jinsi mtu anavyomjua mwenzake akiwa amechoka, amenyeshewa na hajala. Kwa miaka mingi nilidhani kiini cha hadithi ya Mulan ni hofu ya kugunduliwa, kwa sababu filamu ya 1998 inafanya hivyo: akijulikana ni kifo, na anajulikana akiwa amejeruhiwa, na anaachwa kwenye theluji.

Niliposoma tafsiri ya wimbo nilishangaa. Hakuna adhabu inayotajwa mahali popote. Hakuna anayemgundua. Anawafichulia mwenyewe, siku anayotaka, mlangoni kwake, akiwa amevaa nguo zake, na wenzake hawakasiriki wala hawamshitaki. Wanashangaa tu. Nilisoma sehemu ile nikalia, nasema bila aibu. Miaka 12 amekaa nao, na siri ilikuwa yake kuitoa.

Kwa hiyo mimi nauliza jambo la pili juu ya la mleta uzi: nani aliyeingiza hofu ile, na kwa faida ya nani?

#15 Mtaa wa Saba

Dada wa #14, hadithi bila hatari haiendi. Lazima mtazamaji aogope.

#16 Hanga Namba Tatu

Kuogopa kwenda vitani hakutoshi?

#17 Bibi wa Maktaba

Hofu hiyo ina historia, na tunaweza kuifuatilia hatua kwa hatua.

Xu Wei, aliyetajwa katika #5, aliandika wakati ambapo wanawake wa familia nyingi walifungwa miguu, desturi ambayo haikuwapo zama za Wei ya Kaskazini. Mulan wake ana miguu iliyofungwa, na kabla ya kwenda vitani inambidi aifungue kwa maumivu, huku akijifariji kwamba ipo dawa ya kuirudisha udogo wake. Mwishoni anawahakikishia watu kwamba amerudi na ubikira wake, kisha anaolewa. Hapo ndipo mwili wa Mulan unapokuwa swali. Katika wimbo haukuwa swali.

Mwishoni mwa karne ya 17, Chu Renhuo alimwingiza Mulan katika riwaya yake ya enzi za Sui na Tang. Humo Khan anataka kumfanya suria, na Mulan anajiua kuliko kukubali. Fikirini umbali uliotembewa: kutoka msichana anayebandika pambo usoni akiwa chumbani kwake mpaka maiti.

Kwa hiyo naona Disney iliikuta hofu hiyo njiani ikaipa mavazi mapya. Jamii ambayo haioni mwanamke juu ya farasi inalazimika kueleza kwa nini yuko pale, na kumtisha.

#18 Ukweli Kwanza

Naunga mkono, na naongeza ushahidi wa upande wa pili. Kaskazini ya zama zile ilikuwa tofauti. Yan Zhitui, msomi wa karne ya 6 aliyeishi kusini na kaskazini, aliandika kwamba wanawake wa kaskazini ndio walioshika shughuli za nyumba, walikwenda kudai haki katika kesi na kutembelea wakubwa kuwaombea waume na watoto wao. Na upo wimbo mwingine mfupi wa Wei ya Kaskazini kuhusu dada mdogo wa mtu aitwaye Li Bo, anayepandisha sketi yake na kukimbiza farasi, akipiga mishale kushoto na kulia bila kukosa. Wimbo ule hauelezi kwa nini msichana anapanda farasi. Hauoni haja.

Labda basi jibu la uzi huu ni kwamba vita vimekuzwa kwa sababu kupigana kwa mwanamke kumekuwa ajabu, na ajabu hutazamwa kwa muda mrefu.

#19 Mpanda Milima wa Wuhan

Habari za jioni. Nimesoma Wuhan, na wilaya ya Huangpi, kaskazini ya mji, wanadai kwamba Mulan ni wao. Upo mlima unaoitwa kwa jina lake, wenye mahekalu ya Kitao na ya Kibuddha juu ya mlima mmoja, ipo mbuga ya majani ya Mulan, lipo ziwa la Mulan, yaani hata ukipotea njia utakuwa umepotelea kwa Mulan. Nilipomsimulia rafiki yangu kutoka Henan, aliniambia kwa uchungu wa kweli kwamba Mulan ni wa Yucheng, mkoani kwao, ambako kuna hekalu lake na jiwe la maandishi la enzi ya Yuan, la mwaka 1334. Nilijaribu kuwapatanisha nikashindwa.

Ninachotaka kusema ni kwamba katika sehemu hizi anaheshimiwa kama jenerali na kama mtoto mwema. Mfumaji sikumwona popote.

#20 Mama Tatu

Kama sisi tunavyogombania kaburi la Liyongo.

#21 Mpanda Milima wa Wuhan

Kabisa, mama, ingawa Liyongo angalau ana kaburi la kugombania.

#22 Kalamu ya Wino

Tusiende Kipini kwenye kaburi la Liyongo, wakuu, turudi kwenye Mto Manjano. "Mtoto mwema" wa #19 ni muhimu. Wei Yuanfu, ofisa wa enzi ya Tang, aliutunga upya wimbo huu katika karne ya 8 na kuongeza mwisho unaosifu uaminifu kwa mtawala na wema kwa wazazi, ambavyo Mulan amevitimiza vyote viwili bila kuyumba. Wimbo wa awali haukuwa na mwisho huo. Kisha tazameni filamu ya 2020: upanga wa baba umechorwa maneno ya uaminifu, ushujaa na ukweli, na mwishoni mfalme anamtumia upanga mpya wenye neno la nne, xiao, ndio huo wema kwa wazazi. Miaka 1,200 imepita na Wei Yuanfu bado anaandika mwisho wa hadithi.

#23 Mkalimani

Mimi hutafsiri tamthilia za Kichina kwa Kiswahili kabla hazijatiwa sauti, na hilo neno xiao limeninyima usingizi mara nyingi. "Utii kwa wazazi" ni pungufu, kwa sababu Mulan hakutii, hakuna aliyemtuma. "Wema kwa wazazi" linapoa mdomoni. Wakati mwingine nimejaribu "radhi", kwa kuwa kila Mswahili anajua uzito wa radhi ya mama na baba, lakini radhi hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na xiao hutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi. Mtoto wa Kiswahili anaitafuta radhi, na mtoto wa Kichina anatenda xiao.

Kwa upande mwingine, lipo neno katika wimbo ambalo Kiswahili kinalipokea vizuri kabisa. Wale wenzake wa vitani wanaitwa huoban, kwa maandishi ya wimbo ule "wenzi wa moto", kwa sababu askari kumi walipikia moto mmoja. Sisi tunasema waliokula chungu kimoja. Hakuna jasho lililonitoka pale.

#24 Mtaa wa Saba

Mkalimani, nakuunga mkono kwa chungu kimoja. Narudi pia kukiri kwamba jibu langu la fedha halitoshi, kwa kuwa opera ya 1951 ilikusanya fedha nyingi kwa jukwaa tupu na sauti ya mtu mmoja. Lakini sijaliacha. Filamu ya 2020 iliundwa ipendwe China na Marekani kwa wakati mmoja, na nadhani vita ndiyo lugha pekee iliyofikiriwa haihitaji mkalimani.

#25 Mpanda Milima wa Wuhan

Na bado haikueleweka. Wachina niliozungumza nao walilalamikia mambo ambayo mgeni hayaoni. Familia ya Mulan inaishi katika nyumba ya duara ya udongo, tulou, ambazo ni za Fujian, kusini-mashariki, na ni za karne nyingi baadaye, wakati wimbo ni wa kaskazini. Fenghuang, ndege wa masimulizi ya Kichina, ameonyeshwa kama yule ndege wa masimulizi ya Ulaya anayeungua na kufufuka, ilhali fenghuang hafufuki kutoka katika majivu. Na qi, yaani nguvu ya uhai, ambayo kwa Wachina kila kiumbe anayo, imekuwa nguvu ya pekee ambayo Mulan amezaliwa nayo.

Hili la mwisho ndilo lililoniumiza. Mulan wa wimbo hana kipaji chochote kinachotajwa. Ni mfumaji aliyenunua farasi.

#26 Bibi wa Maktaba

Hapa nitamtetea msimulizi mmoja ambaye pia alimpa Mulan nguvu zisizo za kawaida. Maxine Hong Kingston, aliyezaliwa California mwaka 1940 na wazazi Wachina waliokuwa wakifanya kazi ya dobi, alitoa kitabu mwaka 1976 ambamo msichana anajiwazia kuwa Mulan, anafunzwa milimani na wazee wawili, na kabla ya kuondoka wazazi wanamchonga mgongoni malalamiko ya ukoo mzima. Jambo la kuchongwa mgongoni halimo katika hadithi ya Mulan. Ni la Yue Fei, jenerali wa enzi ya Song. Frank Chin, mwandishi mwenzake, alimshutumu vikali kwamba ameighushi hadithi ya Wachina.

Nimewasoma wote wawili na bado niko upande wa mama Kingston. Hakuandika historia ya Mulan, aliandika kinachotokea mtoto wa mgeni anapopokea hadithi nusu nusu kutoka kwa mama yake usiku, akiwa na haja nayo asubuhi yake shuleni. Na ikiwa Chin anataka kulinda hadithi halisi, ni lazima aseme ni ipi, maana Mulan wa Xu Wei naye ni wa kughushi.

#27 Ukweli Kwanza

Bibi, hapo tunaachana kidogo. Kuchanganya Mulan na Yue Fei mbele ya wasomaji wa Marekani wasiomjua hata mmoja wao kuna gharama. Mchina anajua kipi kimetoka wapi, mgeni hajui, na mkanganyiko ndio unaobaki. Mfano ni #4, kwa heshima ya Nahodha.

#28 Nahodha Mstaafu

Sina kinyongo. Mfano ni wa haki.

#29 Mfuga Sungura wa Limuru

Nimesoma uzi wote na sijaona mtu akizungumzia wanyama ninaowafahamu. Wimbo unamalizika kwa sungura wawili, na maelezo niliyoyakuta kila mahali yanasema kwamba ukimwinua sungura kwa masikio, dume atapiga miguu na jike atafumba macho nusu. Naomba kusema kama mfugaji: sungura hainuliwi kwa masikio, anaumia. Unamshika ngozi ya nyuma ya shingo na kumwekea mkono chini ya makalio. Na dume na jike wote hupiga miguu wakiogopa. Kujua jinsia lazima umgeuze umkague, na wakiwa wachanga hata mfugaji mzoefu hukosea. Nimewahi kuuza majike mawili ambayo baadaye yalikuwa dume na jike, na mnunuzi akapata watoto kumi asiowatarajia.

#30 Mkalimani

Ndugu Mfuga Sungura, umenisaidia zaidi ya unavyojua. Nimeufungua wimbo tena: masikio hayamo. Yametoka kwa wafafanuzi wa baadaye. Mistari yenyewe inasema hivi, kwa tafsiri niliyoijaribu usiku huu:

Sungura dume, miguu yake haitulii;
sungura jike, macho yake yana ukungu.
Wakikimbia wawili ubavu kwa ubavu,
utanijuaje kama ni dume au jike?

Nimebishana na nafsi yangu kama mstari wa mwisho useme "mume au mke", kwa kuwa anayezungumza huenda ni Mulan, lakini Kichina kimerudia maneno yaleyale ya wanyama, nami nimeyafuata.

Nimegundua jambo jingine. Watafsiri wa Kiingereza hulazimika kuchagua kiwakilishi cha kike au cha kiume katika kila mstari ambao Kichina cha wimbo kimekaa kimya. Kiswahili hakichagui. "Alinunua farasi, alivuka milima, alirudi." Wenzake wangeweza kusimulia habari zake kwa miaka 12 kwa lugha yetu bila kuteleza hata mara moja.

#31 Hanga Namba Tatu

Mkalimani, tafadhali ukimaliza wimbo wote uuweke hapa. Ningependa kuisikia sehemu ya mlangoni kwa Kiswahili.

#32 Mjukuu wa Mfumaji

Nawashukuru wote. Nimesoma wimbo tena kwa sauti baada ya #30, na sasa ninalo wazo la tano au la sita, sijui tumefika lipi. Mara tatu wimbo unatumia umbo lilelile: hausikii hiki, unasikia kile. Sauti ya mfumi haisikiki, zinasikika pumzi. Kando ya Mto Manjano hasikii wazazi wakimwita, anasikia maji. Karibu na Mlima Mweusi hasikii wazazi wakimwita, anasikia farasi wa adui milimani Yan. Kisha baada ya vita umbo hilo haliji tena; wazazi, dada na mdogo wake ndio wanaosikia kwamba anakuja. Wimbo umejengwa kwa masikio, na filamu zote zimejengwa kwa macho. Labda ndiyo maana mistari 6 ilitosha.

#33 Kalamu ya Wino

Opera nayo ni ya masikio, mkuu, na bado ilinunua ndege ya kivita.

#34 Mkalimani

Na hata masikio hayaafikiani. Neno la kwanza kabisa la wimbo, jiji, wengine wanasema ni mlio wa mfumi na wengine wanasema ni kuguna kwa Mulan. Mjukuu wa Mfumaji, wewe umekulia kando ya kitanda cha mfumi. Kinalia vipi?

#35 Mjukuu wa Mfumaji

Cha bibi kililia kwa kupokezana, mlio mkavu wa mti kisha wa chini zaidi mguu unapokanyaga. Akiwaza jambo kilikuwa kinakoma katikati, tukajua kuna neno.